Maneno sitini kwa albamu nzima

SWALI: Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi ni kijana wa Nakuru, nauza vifaa vya simu mjini. Kila Jumapili jioni nawaandikia wenzangu maoni mafupi kuhusu albamu mpya za roki, metali na muziki wa kiasili, maneno kama sitini kwa kila moja. Shida ni kwamba nikisoma nilichoandika, zote zimekuwa "kali sana" ama "si mbaya", na karibu zote zimepata saba kwa kumi. Metali ndiyo inanishinda kabisa kwa sababu maneno hayasikiki. Tena kuna wenzangu wawili wenye bendi hapa Nakuru, wamenipa rekodi yao niiandikie na naogopa kuwaudhi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo saba kwa kumi ifute kwanza. Mwanafunzi akipewa alama hurudishiwa na karatasi yake aone kalamu nyekundu imepita wapi. Msomaji wako anapewa alama bila karatasi. Hajui zile tatu zilizopungua zilipotelea kwenye sauti ya mwimbaji, kwenye nyimbo za mwisho mwisho, ama ni wewe tu ulikuwa umechoka kusimama dukani. Ukimaliza, futa na "kali". Neno hilo linafaa mkiwa mmekaa pamoja na wimbo unalia, maana wote mnasikia kinachosifiwa. Kwenye maandishi linabaki peke yake.

Mimi nafuata kanuni moja tu: ndani ya yale maneno sitini lazima kuwe na jambo ambalo mtu asiyeisikiliza albamu asingeweza kuliandika. Siku hizi habari za albamu hufika kabla ya albamu yenyewe. Jina la prodyuza, idadi ya nyimbo, masaibu yaliyompeleka mwimbaji studio, yote hayo huandikwa na wanaouza, na ukiyanakili umewafanyia kibarua cha bure.

Chukua The Cure, bendi ya roki ya Uingereza. "Songs of a Lost World" ilitoka Novemba 2024, miaka 16 baada ya albamu yao iliyotangulia, ikiwa na nyimbo nane. Hayo kila mtu aliyanakili. Aliyeketi akasikiliza ndiye atakayekuambia kwamba kwenye wimbo wa kwanza zaidi ya dakika tatu zinapita kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajafungua kinywa. Hapo umepata la kuuliza: je, dakika hizo zina kazi? Mimi nasema zinayo. Smith alifiwa na wazazi na kaka yake, na wimbo mmoja unamlilia huyo kaka. Huku kwetu mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, akiitwa matangani haanzi kwa kutaja jina la marehemu papo hapo. Huacha nyuzi zitangulie, watu watulie, ndipo aingie. Mtu aliyekulia Siaya atazielewa zile dakika tatu bila kuelezwa. Ningeandika hivi:

"The Cure wamerudi na nyimbo nane zisizo na haraka. Wa kwanza unangoja zaidi ya dakika tatu kabla ya sauti ya Robert Smith kuingia, na kungoja huko ndiko kunakoibeba albamu nzima: ni muziki wa mtu aliyefiwa asiyetaka kuharakishwa. Ukitafuta kibao cha kupigwa kwenye matatu hutakipata. Isikilize usiku, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka."

Maneno hamsini na kitu, hakuna alama, na msomaji ameshajua kama albamu ni yake ama ni ya jirani.

Sasa metali. Unasema maneno hayasikiki. Lakini watu wa Nakuru wanacheza lingala wikendi baada ya wikendi, na wanaoelewa Kilingala unaweza kuwahesabu mezani pako. Mbona huko maneno hayakuwazuia? Kwenye metali ile sauti ya kunguruma kooni imegeuzwa ala. Isikilize unavyosikiliza dramu: inaingia lini, inakata wapi, inavutana na gitaa ama inalifuata. Maneno utayasoma baadaye ukitaka.

Na ule uzito wa gitaa una asili yake. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa kiwandani mjini Birmingham, Uingereza, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vyake vya kukandamizia nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Mngurumo wa chini ambao leo kila bendi ya metali inautafuta ulitokana kwa sehemu kubwa na vidole vilivyokuwa vinauma. Ule mkwaruzo nao hutokea amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, inapolishwa nguvu kupita uwezo wake: vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti za juu ambazo mpiga gitaa hakuzipiga huzaliwa hapo.

Masikio ya upande wetu huu wa nchi yalishazoea mambo hayo kabla ya umeme. Sikiliza obokano ya Abagusii, nyuzi nane kwenye mwili mkubwa, inavyovuma chini na kukwaruza. Ama mtazame mpiga nyatiti: nyuzi nane mkononi, njuga ziitwazo gara zimefungwa mguu wa kulia, na kwenye kidole gumba cha mguu huohuo kuna oduong'o, pete ya chuma inayogonga ubao wa nyatiti yenyewe. Juu ya hayo yote anaimba. Mzunguko wake ni mfupi, unarudiwa muda mrefu, na utamu wote uko kwenye kitu kidogo anachokibadilisha kila mara. Ukijua kungoja hicho kitu kidogo, mzunguko wa gitaa la metali hautakuchosha. Anayesema metali ni kelele tupu huwa amesikiliza nusu dakika, na kwa nusu dakika hata nyatiti ni kelele.

Jipime na Blood Incantation, bendi ya Denver, Marekani. Albamu yao "Absolute Elsewhere" ya Oktoba 2024 ina nyimbo mbili tu, kila mmoja unapita dakika 20 na umegawanywa sehemu tatu. Urefu usikutishe. Wazee wa benga walikuwa wakikatiwa wimbo mmoja vipande viwili, huu upande wa kwanza wa santuri na huu upande wa pili, na watu waliigeuza sahani bila kunung'unika kwa sababu gitaa tamu lilikuwa upande wa pili. Blood Incantation waliifanyia kazi albamu yao Hansa, studio maarufu ya Berlin, na ndani yake wamemwalika mpiga vinanda wa Tangerine Dream, kikundi cha Kijerumani cha muziki wa kielektroniki. Metali ya kasi ya ajabu inazimika ghafla, gitaa la polepole linaingia na vinanda vya kuelea, kisha unapigwa tena. Lawama yangu ni kwenye viungo: pengine sehemu mbili zimelazwa tu bega kwa bega, hazikuzaana. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza metali, hii ndiyo ningempa kabla ya nyingine, maana inampa mahali pa kupumua.

Opeth, Waswidi, walitoa "The Last Will and Testament" mwezi uliofuata. Ni hadithi ya tajiri aliyefariki na wosia wake unasomwa mbele ya watoto, miaka michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zina alama za vifungu kama hati ya wakili. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba hahitaji kujua Kiingereza kufuata joto la chumba kile. Sauti ya kunguruma imerudi kwenye albamu yao kwa mara ya kwanza tangu 2008, na inapishana na sauti safi kwa makusudi. Kasoro ni wingi: kila wimbo unageuka kona tano pale ambapo tatu zingetosha.

Lakini kama una nafasi ya albamu moja tu ya metali Jumapili hii, usiende mbali. Lord Spikeheart ni Mkenya. Alikuwa nusu ya Duma, kikundi cha watu wawili cha Nairobi ambacho albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusifiwa na majarida ya ng'ambo huku wengi wetu tukiwa hatujalisikia jina. Tunayo tabia hiyo, ya kungoja mgeni atuonyeshe kilichomo nyumbani. Mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe, "The Adept", akaielekeza kwa Muthoni wa Kirima, yule mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal na aliyefariki Septemba 2023. Spikeheart ni kitukuu chake.

Hapa ndipo mtego wa kunakili ulipo mtamu zaidi. Hadithi ya Muthoni ni kubwa kiasi kwamba ungeweza kujaza maneno yako sitini bila kubonyeza kitufe cha kucheza. Usifanye hivyo. Sikiliza kwanza yale madude ya kielektroniki yanavyochukua nafasi ya bendi, besi inavyovunjika, na koo la mtu mmoja linavyohama kutoka kunguruma hadi kupiga mayowe ndani ya mstari mmoja. Mimi ningeandika:

"Lord Spikeheart ameweka gitaa pembeni na kuacha mashine zipige. Sauti yake ndiyo ala kuu: inanguruma, inapiga mayowe, inarap, wakati mwingine kwenye pumzi moja. Wageni ni wengi mno, na kuna nyimbo anazofunikwa kwenye karamu yake mwenyewe. Akiachwa peke yake anatisha. Ni heshima kwa Muthoni wa Kirima isiyo na upole wowote, na hivyo ndivyo inavyostahili."

Umeona hadithi ya Muthoni imekaa mwisho na imepewa sentensi moja. Ilifika pale baada ya muziki kusema.

Ukimpenda huyo, watafute Arka'n Asrafokor wa Togo, albamu "Dzikkuh" ya 2024. Wanaimba Kiewe, na ngoma za kwao hazikubandikwa juu kama urembo, ndizo zinazoendesha gitaa. Pale ngoma zinaponyamaza wanakuwa bendi ya kawaida.

Wakubwa nitawapitia haraka, maana hawakosi wa kuwaandikia. Metallica, "72 Seasons", 2023: nyimbo 12, dakika 77, na ningekata theluthi bila mtu kuuliza ilikokwenda. Judas Priest, "Invincible Shield", Machi 2024: Rob Halford alikuwa na miaka 72 na bado anafika juu pale vijana wanapohitaji msaada wa mashine, hakuna jipya, na hakuna kilichoharibika. Linkin Park, "From Zero", Novemba 2024: nusu saa na kidogo, Emily Armstrong akiimba. Wenzako watataka kujua kama amefika kwa Chester Bennington, mwimbaji wao wa zamani aliyefariki 2017. Wape sentensi moja kuhusu hilo, kisha sema nyimbo zenyewe zikoje. Zangu ni hizi: za haraka ni nzuri, za polepole zimetengenezwa ili zisimuudhi mtu.

Muziki wa kiasili watu huufikiria kuwa wa upole, jambo linalonishangaza kwa mtu yeyote aliyesimama karibu na isukuti ikipigwa Shinyalu. Lankum wa Dublin ndio dawa ya wazo hilo. "False Lankum" ya 2023 inaanza na wimbo wa zamani wa binti anayeomba achimbiwe kaburi, sauti moja peke yake, na kadiri dakika zinavyosonga ala zinajikusanya chini yake, mvumo mmoja usiokatika, hadi kifua kinabanwa. Ni albamu nzito kuliko nyingi zenye mafuvu kwenye jalada. Ukiwa umezoea orutu, uzi mmoja na upinde usiotulia, utajua mara moja mvumo ule unafanya nini.

Upande mwingine kabisa kuna Gillian Welch na David Rawlings. "Woodland" ya Agosti 2024 imepewa jina la studio yao ya Nashville, ambayo kimbunga kiliiezua paa mwaka 2020. Kuna vyombo vingine humo, lakini moyo wake ni magitaa mawili na sauti mbili. Isikilize kwa kufuata gitaa la Rawlings tu, jinsi linavyochagua noti ambazo hukuzitarajia. Halafu siku hiyohiyo mtafute George Mukabi, bingwa wa omutibo, mtindo wa gitaa kutoka Uluhyani, aliyefariki 1963. Nyimbo zake zilikusanywa upya mwaka 2017 kwenye "Furaha Wenye Gita". Dole gumba linashika besi, kidole kinacheza juu, na chupa ya soda inagongwa kushika mpigo. Ukiwasikiliza wote wawili utaweza kusema kuhusu Welch jambo ambalo mwandishi wa New York hawezi kulisema: kwamba vidole vyao ni vizuri sana, ila hakuna anayewagongea chupa, na kuna nyimbo kwenye "Woodland" zinazoihitaji chupa hiyo.

Eneo letu lina historia ndefu ya kutoa maoni juu ya rekodi za wageni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi akawakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani waliyemsikia kwenye gramafoni, na kwenye wimbo wao amekuwa nusu mtu nusu swala, anayealikwa kucheza ngoma. Hawakumpa alama. Walisikia kitu kigeni kwenye ile sauti, wakakisema kwa picha waliyokuwa nayo, tena ndani ya dakika chache. Nawajua wahakiki wanaolipwa ambao hawajafika hapo.

Kabla sijafika kwa bendi ya wenzako, nina zoezi moja. Mdou Moctar wa Niger hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto na kuimba Kitamasheki. Mei 2024 alitoa "Funeral for Justice", gitaa la umeme linalowaka kutoka mwanzo, hasira juu ya Ufaransa na viongozi wa Afrika. Mapinduzi ya Julai 2023 yalikuwa yamewakuta yeye na bendi yake wakiwa ziarani Marekani. Februari 2025 ikatoka "Tears of Injustice", nyimbo zilezile lakini bila umeme. Ziweke wimbo kwa wimbo, huu na mwenzake. Utagundua ni upi ulikuwa unabebwa na kelele, na upi ulikuwa na mifupa yake. Kwa maoni yangu wimbo unaobeba jina la albamu ya kwanza unapoteza meno ukiondolewa umeme, ilhali zile za polepole zinapata uzito ambao haukusikika kwanza. Fanya zoezi hilo kwa spika za masikioni. Wufa la matatu litakudanganya, maana kila kitu hupata besi humo, hata habari za saa saba.

Sasa wenzako wawili. Tenganisha rekodi na nyimbo. Mara nyingi bendi changa za kwetu hurekodi katika chumba kidogo, siku moja, stima ikiwa haina uhakika, na matokeo ni yaleyale: matoazi yanamfunika mwimbaji, dramu ya mguu haisikiki, gitaa zote mbili zimejazana katikati. Hayo waambie ana kwa ana, kabla hujaandika, na uyataje kwa dakika na sekunde: "hapa dakika ya pili nusu, sauti yako imezama." Wanaweza kuyarekebisha kwa kuchanganya upya, na watakushukuru hata kama siku ile watanuna. Usiwaambie "ongezeni bidii." Hilo halirekebishiki kwenye mashine.

Utakachoandika Jumapili kiwe juu ya nyimbo. Kwanza waeleze wasomaji wako kwamba hao ni rafiki zako, maneno manne matano yanatosha. Kisha usiwape hata neno moja la ziada kwa sababu ya urafiki, wala kwa sababu ni wa Nakuru. Msomaji wako akigundua kwamba watu wa nyumbani wana mizani yao, atapunguza kila sifa utakayowapa wa nyumbani siku nyingine, hata pale watakapostahili. Wape maneno sitini yaleyale uliyowapa Metallica. Kama ni wimbo wa tatu tu uliosimama, utaje huo wa tatu, useme ni kitu gani kinatokea ndani yake, na uandike kwamba nyingine bado zinautafuta mlango. Na kama hakuna uliosimama, waambie wenyewe, usiandike chochote, na uombe wakuite wakirekodi tena.